Chatu wa mchangani mwenye woga: atazoea mikono, au anachoka tu na kunyamaza?

#1 MjiWaKale
Salaam wadau. Chatu wa mchangani (sand boa, nyoka mdogo asiye na sumu anayejizika mchangani) jike, sentimita 50 hivi, amezaliwa kwa mfugaji na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kipo. Shida ni woga. Kifuniko kikifunguka tu, mchanga unatikisika. Mkono ukiingia, anachapa ubavuni, tena kwa kasi. Akishikwa anajisokota, anaachia uchafu wenye harufu kali, kisha anasukuma kichwa baina ya vidole akitafuta upenyo.

Mazingira yake: boksi la plastiki la sentimita 60 kwa 40, mchanga wa ufuoni kina cha sentimita 3, mkeka wa joto chini bila thamostati (kidhibiti joto), kificho kimoja upande wa joto, bakuli la maji. Boksi liko juu ya friji, sebuleni. Anatolewa kila jioni dakika kama ishirini ili azoee. Panya mmoja kwa wiki, ila safari hii amekataa.

Maswali mawili. Hatua za kumzoesha ni zipi? Na wanaosema nyoka hazoei mtu kabisa, eti anachoka tu, wana haki?

#2 KisaunDigital
Kabla ya hatua zozote, mteremshe huyo kutoka juu ya friji leo hii. Kompresa ikiwaka inatetemesha boksi zima, ikizima inaacha, ikiwaka tena. Mnyama anayeishi kwa kusikiliza mchanga kwa taya lake hapati kutulia hapo. Mweke kwenye meza nzito au kabati la chini, mbali na mlango unaobamizwa na mbali na spika.

#3 Makupa_Bridge
Mchanga sentimita 3 ni kumweka uchi. Chatu wa mchangani akijizika anataka mwili wote ufunikwe, abakishe macho na pua juu. Jike wa sentimita 50 kiwiliwili chake kina unene wa kutosha kuhitaji sentimita 8, na 10 ni bora. Asipoweza kujificha, kila kivuli kinachopita juu kwake ni ndege anayekuja kumla. Nusu ya woga huo itaondoka kwa ndoo moja ya mchanga.

Na mchanga wa ufuoni uoshwe. Una chumvi na vipande vya matumbawe vyenye makali. Maji baridi ya bomba mara nne au tano mpaka yatoke safi, uchekeche, uanike juani ukauke kabisa. Wa mtoni ni laini zaidi.

#4 DktMifugo_Kilifi
Nakubaliana na #2 na #3, ila kuna jambo la hatari limepitwa: mkeka wa joto bila thamostati. Nyoka huyu anachimba kufuata joto. Mchanga ni kizuizi, hivyo themomita iliyo juu inasoma nyuzi 32 huku plastiki ya chini ikiwa imepita 45. Anajilaza pale, tumbo linaungua polepole, naye hajui kuondoka kwa sababu kwa asili joto lake hutoka juu, kwenye jua. Nyoka mwenye tumbo linalouma atauma watu.

Sensa ya thamostati iwekwe CHINI ya mchanga, imegusana na sakafu ya boksi juu ya mkeka. Weka nyuzi 33, isizidi 35. Mkeka uchukue theluthi moja ya sakafu tu.

Mgeuze umwangalie tumbo. Magamba yenye wekundu, malengelenge au rangi ya kahawia iliyonyauka, mpeleke kwa daktari wa wanyama na habari za kumshika ziishe kwa sasa.

#5 Kongowea_Sokoni
Hatua ndizo hizi, wala hazina uchawi:

Siku 7 hadi 10 za mwanzo katika makazi mapya (na ukibadilisha mchanga na mahali, hesabu upya) usimguse. Maji tu na usafi wa haraka. Asishikwe mpaka amekula mara mbili mfululizo bila kutapika.

Baada ya hapo, siku moja ndiyo siku moja siyo, weka mkono wazi ndani ya boksi upande wa baridi, ukae dakika 3 bila kusogea. Anaujua mkono kwa ulimi.

Wiki inayofuata, mguse sehemu ya nyuma, theluthi ya mwisho ya mwili. Kisha mnyanyue dakika 2. Kisha 5. Ukomo dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki. Kila siku dakika ishirini kwa mnyama mgeni ni nyingi mno.

Saa 48 baada ya kula asiguswe kabisa.

#6 Makupa_Bridge
@Kongowea_Sokoni, mpango mzuri, ila mkono wazi juu ya mchanga usimfanyie chatu huyu. Hiyo ni njia ya nyoka wanaotembea, kama nyoka wa nyumbani yule wa kahawia. Huyu ni mviziaji. Kinachopita juu ya mchanga kikitikisika kidogo, kwake ni panya. Vidole vitano vyenye joto vinavyochezacheza ni mwaliko.

Badala yake, kabla ya mkono, tumia brashi safi ya rangi ya inchi mbili au karatasi iliyoviringwa. Mpapase mgongoni taratibu, kutoka katikati kwenda mkiani. Chakula hakipapasi. Akijua si chakula, mwili unalegea au anajisogeza mbele. Ndipo mkono uingie umekunjwa ngumi, pembeni, chini, si kutoka juu.

#7 Kongowea_Sokoni
Sawa, hapo umenisahihisha na nakubali. Ngumi, na brashi kwanza.

#8 BintiLikoni
Namna ya kumnyanyua pia inaleta tofauti. Wengi wanabana mgongo kwa vidole viwili kama mwewe. Ingiza kiganja ndani ya mchanga, kipite CHINI ya mwili, mnyanyue pamoja na mchanga wake, mchanga umwagike wenyewe baina ya vidole. Anabaki amelala kwenye kitu. Kiwiliwili chote kiwe na egemeo, angalau sehemu mbili.

Keti chini mkekani unapofanya hivi. Chatu wa mchangani si mpandaji, mkia wake mfupi haukamati kitu. Akidondoka kutoka kifuani mwa mtu aliyesimama, kwenye sakafu ya terazo, anaweza kuvunjika mbavu.

#9 Nyali_Machweo
Mnazungumzia mikono, tatizo ni hali ya hewa. Vitabu vinaandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohangaika kupasha joto. Mombasa tunahangaika kupoza. Kaskazi ikikolea, Februari na Machi, chumba chenye paa la mabati kinafika nyuzi 35 mchana bila mkeka wowote. Boksi zima linakuwa upande wa joto. Hana pa kukimbilia, anazungukazunguka, anapumua haraka, anachapa. Kila mtu anasema "ana hasira".

Kaskazi zima mkeka mchana. Boksi liwe chini sakafuni ambako ni baridi zaidi, chupa ya maji ya barafu imefungwa kitambaa na kuegemezwa NJE ya upande wa baridi. Lengo ni upande huo usome 25 hadi 28. Kusi ikija, Juni hadi Agosti, usiku unashuka mpaka 22 hivi. Hapo ndipo mkeka una kazi.

#10 Seremala_Changamwe
Na unyevu je? Chatu wa mchangani ni wa nyika kavu, Tsavo na kwenda juu. Anataka asilimia 30 mpaka 50. Hapa kwetu hewa yenyewe ni 70, 80. Boksi la plastiki lenye matundu machache linageuka bafu la mvuke. Toboa pande mbili zinazotazamana, safu mbili za matundu ya milimita 5, moja chini karibu na usawa wa mchanga na moja juu, hewa ipite. Tumia msumari wa moto au toboa kwa keekee polepole, kisha lainisha kingo kwa msasa, asijikwaruze pua. Bakuli la maji liwe dogo na zito, upande wa baridi. Masika ikiwa kali, maji mwekee siku mbili kwa wiki kwa saa kadhaa, kisha toa.

Wenye wazo la kutumia maranda badala ya mchanga: maranda ya mwerezi na ya msonobari hapana. Mafuta yake ya harufu yanaumiza mapafu na ini. Usumba wa makumbi ni mzuri kwa nyoka wanaopenda unyevu, si kwa huyu.

#11 KisaunDigital
@Nyali_Machweo, hoja ya joto naiunga mkono, lakini haielezi kwa nini anachapa sekunde ile ile mkono unapoingia. Joto halina mkono. Yule anayezungukazunguka kwa joto angechapa hata kivuli.

#12 Nyali_Machweo
Anachapa haraka kwa sababu mwili wa nyoka unaendeshwa na joto la nje. Kwa nyuzi 25 misuli ni mizito, kwa 34 ni mshale. Woga ule ule, kasi tofauti. Mjaribu asubuhi kabla chumba hakijapata moto, mwezi mzima, kisha ulinganishe.

#13 AsubuhiFerry
Hawa wana vile vitundu vya kuhisi joto mdomoni, ndiyo maana mkono wa moto unawachokoza. Osha mikono kwa maji baridi kabla.

#14 DktMifugo_Kilifi
@AsubuhiFerry, vitundu hivyo anavyo chatu mkubwa wa Afrika, anavyo na yule mdogo wa Afrika Magharibi ambaye wafugaji wengi duniani wanamfuga. Chatu wa mchangani hana. Ana macho madogo yaliyopanda juu ya kichwa, ulimi, na mwili unaohisi mtikisiko. Kuosha mikono bado ni lazima, ila sababu ni harufu, si joto.

#15 BintiLikoni
Na harufu ndiyo maelezo yangu mimi ya jambo zima. Ulimi wa nyoka unachukua chembe za hewani na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa. Ulimwengu wake ni harufu. Sasa fikirieni nyumba zetu: udi Alhamisi jioni, ubani, marashi, mafuta ya nazi kichwani, mikono iliyotoka kukata samaki au kuku. Kila siku mkono ule ule unakuja na harufu nyingine. Kwake ni mgeni mpya kila jioni.

Sabuni ya kipande isiyo na manukato, ile ile kila mara. Suuza vizuri. Kitambaa cha pamba kilichovaliwa mchana kutwa kiwekwe karibu na kificho, akizoee kabla ya mkono. Udi usichomwe chumba alichomo, moshi ni mbaya kwa mapafu yake hata tukiacha habari ya woga. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza ndiyo mbaya zaidi, ina sumu ya wadudu ambayo nyoka haivumilii. Tumia chandarua.

#16 Kongowea_Sokoni
Kitambaa chenye jasho ndani ya boksi la chatu wa mchangani kinakusanya unyevu na kinaweza kubeba harufu ya chakula. Kiwekwe juu ya kifuniko cha wavu, kisiwe ndani.

#17 Mtongwe_Upande
Naona dada BintiLikoni anataka nyoka aishi kwa kanuni za hoteli ya kitalii. Babu zetu walifuga paka na udi ukawaka.

#18 BintiLikoni
Paka ana pua na mapafu mawili. Nyoka wengi wana pafu moja tu linalofanya kazi sawasawa, na hawezi kukohoa kutoa kohozi. Makamasi yakiingia yanakaa. Ukiona mapovu puani, mdomo wazi, mlio kama filimbi akipumua, usingoje.

#19 Mtongwe_Upande
Nimeelewa dada yangu, udi utahamia ukumbini.

#20 Seremala_Changamwe
Kwa hiyo #2 anasema mtikisiko na #15 anasema harufu. Mbona watu husema nyoka ni kiziwi? Kama ni kiziwi, spika inamdhuru nini?

#21 KisaunDigital
Si kiziwi. Hana tundu la sikio wala ngoma ya sikio, ila sikio la ndani analo, limeunganishwa na mfupa wa taya. Utafiti uliochapishwa 2012 juu ya yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ulionyesha anapokea sauti nzito vizuri zaidi, kati ya hezi 80 na 160, kwa njia ya fuvu kutetemeka. Hiyo ndiyo besi ya matatu inayopita barabarani. Sauti ya mtu akizungumza kwa upole haimfikii sana, kwa hiyo kumbembeleza kwa maneno hakumsaidii. Kukanyaga sakafu kwa nguvu kunamfikia vizuri.

#22 DktMifugo_Kilifi
Niongeze orodha ya mambo ya afya, kwa sababu watu wanahangaika na "tabia" miezi mingi, kumbe ni ugonjwa.

Utitiri. Vidoa vyeusi vidogo kuliko kichwa cha pini, pembeni mwa macho na chini ya kidevu. Vinaelea kwenye bakuli la maji. Nyoka wa nyikani anayelala majini kutwa ana utitiri au ana joto. Mpitishe kwenye karatasi nyeupe yenye unyevu. Vidoa vikitembea umepata jibu.

Kujivua gamba. Macho yakiwa na ukungu wa buluu haoni vizuri, ngozi inamkera. Asiguswe tangu ukungu uingie mpaka gamba litoke lote. Angalia gamba lililotoka kama vifuniko vya macho vimo. Vikibaki, anaona vibaya na anachapa hovyo. Usivibandue kwa kucha. Mweke saa moja kwenye kopo lenye kitambaa kibichi cha maji ya nyuzi 28 hivi.

Mdomo. Fizi nyekundu, ute mzito, jino lililovunjika.

Uzito. Mizani ya jikoni ya dijitali, gramu, mara moja kwa wiki, siku ile ile. Jike wa ukubwa huo akikataa chakula mara moja si jambo. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ni jambo.

#23 Mikindani_Juu
Turudi kwenye swali la pili la #1, maana mmelikimbia. Kwa maoni yangu nyoka hazoei. Anaingia kwenye hali ya kukata tamaa. Anashikwa kila jioni, anachapa, hakuna kinachobadilika, mwisho anaacha. Watu wanaona "ametulia". Tazama mwili: nyoka aliyekata tamaa amekaza, hatoi ulimi, amejikunja kichwa kikiwa ndani, anapumua juujuu. Nyoka aliyetulia kweli anatembea polepole kiganjani, ulimi unatoka na kurudi taratibu, misuli imelegea, kichwa kinatazama mbele. Hizi ni hali mbili. Picha nyingi zinazosifiwa mitandaoni ni za hali ya kwanza.

#24 Kongowea_Sokoni
Dalili ulizotaja ni sahihi, ila hitimisho siyo. Nyoka anajifunza. Utafiti wa 1999 Marekani uliwaweka nyoka wa mahindi kwenye uwanja wenye mashimo, moja tu likitoa njia ya kutokea, na walizidi kulifikia kwa haraka kadiri walivyorudiwa. Anayeweza kujifunza shimo lipi lina usalama, kwa nini asijifunze mkono upi una usalama?

#25 Mikindani_Juu
Kujifunza mahali ni jambo moja. Kumtambua mtu ni jingine. Sijakataa la kwanza.

#26 Makupa_Bridge
Kuna maelezo ya tatu ambayo hamjayataja: umri. Mtoto wa chatu wa mchangani anazaliwa na sentimita 20 hivi, hai, si kwenye yai. Korongo, mwewe, kenge, kuku, wote wanamla. Lazima achape kwanza aulize baadaye. Jike akinenepa, adui wanapungua, na woga unapungua hata asiposhikwa. Wafugaji wanasifu mbinu zao wakati mnyama alikuwa anakua tu. Ndiyo maana dume, anayebaki mdogo, mara nyingi anabaki na wasiwasi zaidi.

#27 Nyali_Machweo
Dume na wasiwasi? Wengi wanasema kinyume: dume mpole, jike ndiye anayechapa, hasa wakati wa njaa. Jike anakula zaidi, anajibu chakula kwa nguvu zaidi.

#28 Makupa_Bridge
Kuchapa kwa njaa na kuchapa kwa woga ni vitu viwili, na hapa ndipo watu wanapotea. Woga: shingo inajikunja herufi S, mdomo mara nyingi umefungwa au anagonga na kuachia mara moja, kisha anakimbia. Njaa: anakamata, hashuki, anaanza kujizungusha kwenye kidole. @MjiWaKale huyo wako anagonga na kuachia, au anang'ang'ania?

#29 MjiWaKale
Ahsanteni sana nyote. Anagonga na kuachia, mdomo umefungwa. Ameshateremshwa kutoka kwenye friji, mchanga wa mtoni umewekwa sentimita 9, thamostati imefungwa, sensa iko chini. Tumbo safi, hakuna utitiri kwenye karatasi. Macho ndiyo yana ukungu kidogo.

#30 DktMifugo_Kilifi
Basi hapo una sehemu ya jibu, na chakula alikikataa kwa sababu hiyo hiyo. Mwache mpaka gamba litoke, ongeza siku nne, mpe panya mwenye unene usiozidi sehemu nene ya mwili wake. Ongeza kificho cha pili upande wa baridi, kipande cha chungu kilichovunjika kinatosha, kingo zipigwe msasa. Kificho kimoja upande wa joto kinamlazimisha kuchagua baina ya usalama na joto linalomfaa.

#31 Seremala_Changamwe
Panya ampe ndani ya boksi hilo au amhamishie karai jingine? Nimekuwa nikisoma kwamba akilishwa nje hatahusisha mkono na chakula.

#32 Kongowea_Sokoni
Hiyo ni shauri la zamani. Ukimhamisha kabla ya kula, anaingia na woga na anakataa. Ukimrudisha baada ya kula, unamshika akiwa na tumbo limejaa, anatapika. Na akitapika koo linaungua kwa asidi. Unangoja siku 10 hadi 14 ndipo umpe mlo mdogo, nusu ya kawaida. Mlishe humo humo kwa kibano kirefu cha sentimita 25, panya aliyegandishwa na kuyeyushwa, apashwe kwenye maji ya moto ndani ya mfuko mpaka awe kama nyuzi 38. Brashi ni ishara ya kushikwa, kibano ni ishara ya chakula. Usizichanganye hata siku moja.

#33 Mikindani_Juu
Swali gumu zaidi: amenyanyuliwa, amechapa. Unamrudisha au unaendelea kumshika? Ukimrudisha papo hapo, amejifunza kwamba kuchapa kunaleta matokeo anayoyataka.

#34 BintiLikoni
Na usipomrudisha, amejifunza kwamba mkono haujali anachosema. Mrudishe. Umeenda haraka mno, rudi hatua moja.

#35 Kongowea_Sokoni
Njia ya kati: akichapa, usitikisike, ganda hivyo hivyo sekunde thelathini mpaka ulimi utoke. Ukitoka, ndipo umrudishe. Kipindi kinakwisha kwa ulimi, hakiishi kwa jino.

#36 Mikindani_Juu
Sekunde thelathini za mnyama aliyeogopa ni ndefu. Mimi nipo na BintiLikoni kwa hili.

#37 AsubuhiFerry
Mimi na Kongowea. Glavu za ngozi za fundi bustani zinasaidia mtu asitikisike.

#38 BintiLikoni
Glavu nene zinazima hisia za vidole, unabana bila kujua. Na zina harufu ya kila kitu zilichogusa tangu zinunuliwe.

#39 Mtongwe_Upande
Huku tunabishana sekunde thelathini, Wayeye wa Usukuma, wale wacheza nyoka wa Tanzania, wanacheza ngoma na chatu mkubwa shingoni mbele ya umati. Wanamfanya nini? Dawa?

#40 Nyali_Machweo
Dawa zao ni zao, siwezi kuzisemea. Chatu mkubwa aliyeshiba, aliyetolewa kwenye kapu lenye kiza, anabaki mzito kwa muda. Hilo si la Wasukuma pekee. Bado nasema joto.

#41 Mikindani_Juu
Na mimi bado nasema anakata tamaa.

#42 KisaunDigital
Jambo moja zito kwa vijana wanaosoma uzi huu na kutaka kuokota nyoka vichakani ili kumzoesha. Kwanza ni kosa: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Pili, pwani hii ina nyoka mdogo mweusi anayechimba, kichwa kidogo, ngozi inang'aa, anaonekana mnyonge. Meno yake ya sumu yanatokea pembeni mdomo ukiwa umefungwa, anachoma kwa kurudisha kichwa nyuma. Hakuna namna salama ya kumshika, hata nyuma ya kichwa, na hakuna dawa ya kupinga sumu yake. Watu wanamdhania nyoka wa nyumbani asiye na madhara. Nyoka usiyemjua jina usimguse. Wa kijani mtini vilevile: ukukwi wa kawaida na mamba wa kijani wote wapo Mombasa na wote ni wa kijani. Anayetaka kujifunza tofauti aende kituo cha nyoka cha Bio-Ken, Watamu, kilichoanzishwa 1980 na James Ashe, au aone nyoka wa Haller Park hapa Bamburi.

#43 Seremala_Changamwe
Na huyu asiye na sumu akikamata kidole akang'ang'ania?

#44 DktMifugo_Kilifi
Usivute. Meno yamepinda kuelekea ndani. Ukivuta unachana ngozi yako na unavunja meno yake, na jino lililobaki kwenye fizi ndilo mwanzo wa ugonjwa wa mdomo. Mwegemeze mwili mahali, weka mdomo wake chini ya maji baridi ya bomba. Asipoachia, tone moja la spiriti kwenye pamba, karibu na mdomo, si ndani. Ataachia. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, angalia kama kuna jino lililobaki. Chanjo ya pepopunda iwe ya sasa.

Na kila aliyemgusa anawe mikono, kwa sababu ya salmonela. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimguse kabisa.

#45 MjiWaKale
Shukrani. Gamba likitoka ataanza na brashi, siku moja ndiyo siku moja siyo. Nimebakiwa na swali la wakati: asubuhi kama alivyosema Nyali_Machweo, au jioni anapoamka mwenyewe?

#46 Nyali_Machweo
Asubuhi, saa moja. Chumba kina nyuzi 27, yeye ni mzito, wewe huna haraka.

#47 Makupa_Bridge
Jioni. Ukimfukua asubuhi umemwamsha usingizini na umemchimbua kwenye maficho yake. Jioni ametoa kichwa mwenyewe, anajua upo kabla hujamgusa.

#48 BintiLikoni
Jioni, kabla hujaingia jikoni kukata samaki.

#49 Nyali_Machweo
Jioni ya Machi bila feni? Pima kwanza upande wa baridi. Ukisoma zaidi ya 30, hakuna kumshika siku hiyo.

#50 Kongowea_Sokoni
Hilo la 30 nalichukua, bila kujali saa. @MjiWaKale andika daftari: tarehe, saa, nyuzi pande mbili, alichapa au hakuchapa, ulimi ulitoka baada ya muda gani, uzito. Ukifika wiki ya sita ulete hapa.